Bi Papasa na Ndoo ya Mchanga

Mpaka leo, kabla hajafungua dirisha hata moja, Mama Kadogo husimama mlangoni mwa maabara, akafumba macho, akaanza kutembea. Mkono wa kulia unatangulia. Unagusa ukingo wa meza ya kwanza, unateleza nao, unashuka kwenye shingo ya bomba. Unaikuta chupa ya kuoshea macho imejaa maji, mdomo wake umeelekea kulia. Unaufikia ukuta, na chini yake ndoo ya mchanga. Mwisho mlango wa nyuma, komeo lake laini, halijakwama. Hapo hufumbua macho na kuvuta pumzi, na harufu ya chumba kile, sabuni ya mche, spiriti na vumbi la chaki, humrudisha siku alizokuwa mgeni humu ndani, na mkono uliokuwa ukitangulia haukuwa wake.

Ulikuwa mkono wa shangazi yake.

Shangazi, dada wa baba yake, alikuwa mhudumu wa maabara ya kemia tangu enzi ambazo kuta za shule ile hazijapigwa lipu. Wanafunzi walimwita Bi Papasa, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Waliochungulia dirishani asubuhi walimwona akizunguka amefumba macho, akipapasa meza, mabomba na ukuta, midomo ikichezacheza. Wakubwa waliwatisha wageni wa kidato cha kwanza kwamba bibi yule anaamsha majini ya tindikali. Yeye akiwasikia alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Majini yangu hayamgusi mtu msafi," aliwaambia. "Sasa wewe na kola hiyo, jihadhari."

Kupapasa kwenyewe hakukuwa uchawi. Alikupata kwa mwalimu wa kwanza wa kemia aliyefanya naye kazi. Siku moja moshi uliwajaa chumbani. Haukuwa moshi mkubwa, ila mweupe na mchungu, na watu walioupita mlango ule kila siku wakawa wanagongana na ukuta kama nzi kwenye kioo. Walitoka salama wote. Walipokuwa wakikohoa uwanjani, mwalimu yule akamwambia, "Mama, siku ya shida macho hayatufai kitu humu. Kila kitu kikae pale ambapo mkono utakikuta bila kuuliza." Mwalimu alihama, wakaja wengine nao wakahama. Neno lake likabaki kwenye vidole vya Shangazi.

Mama Kadogo alifika akiwa na mtoto mgongoni na mikono iliyochubuka kwa sabuni. Shule aliishia ya msingi. Aliolewa, mume akaenda kutafuta kazi mbali, habari zake zikaja, zikapungua, zikakatika. Tangu hapo alikuwa anafua nguo nyumba za watu, Kadogo akilala kwenye mbeleko, na kila nyumba ikiwa na mbwa wake na maneno yake. Shangazi, magoti yameanza kumsaliti, alikwenda kwa mkuu wa shule.

"Nipeni mtoto wa kaka yangu nimfundishe," alisema. "Muhula huu mmoja. Shule ikifungwa mkimwona hafai, atarudi kwenye mabeseni yake, wala sitanung'unika."

Mkuu wa shule, mama mnyoofu aliyependa mambo yanyooke kama yeye, alikubali kwa sharti hilohilo. Kwa hiyo Mama Kadogo alipoingia maabara siku ya kwanza alijua vizuri anachogombea: mahali pamoja pa kufanyia kazi, paa juu ya kichwa, na Kadogo akitambaa kwenye kibaraza cha jikoni chini ya jicho la mpishi wa shule badala ya kurandaranda naye mitaani.

Alitaka kuonyesha anajua usafi. Alifagia, akapiga deki, akafuta, kisha akachukua mirija, koleo na chupa zilizotapakaa, akazisukumia zote kabatini na kufunga mlango. Meza zikang'aa tupu. Akasimama pembeni kungoja sifa.

Shangazi alifungua kabati, akapapasa ndani, akafunga tena.

"Umefanya nini hapa, mwanangu?"

"Nimepanga, Shangazi."

"Hujapanga. Umeficha." Akavuta kigoda, akakaa taratibu kwa ajili ya magoti. "Nikwambie. Nyumbani mgeni akipiga hodi, tunafunika, tunatandika, kilichobaki tunakisukumia uvunguni. Si ndivyo?"

"Ndivyo," Mama Kadogo akacheka kwa aibu.

"Basi maabara haina uvungu. Humu usafi ni kila kitu kujulikana kilipo. Kitu kilichofichika humu ndicho kitakachokuuma."

Hivyo ndivyo alivyoanza upya kujifunza kazi ambayo alidhani amezaliwa nayo. Alijifunza kwamba tone la maji na tone la tindikali ni mapacha, hakuna awezaye kuwatofautisha kwa kuwatazama, kwa hiyo hakuna tone linaloachwa mezani, na aliyemwaga ndiye anayefuta papo hapo. Vigae vya kioo vilivyovunjika vina pipa lao, haviingii kwenye la karatasi. "Mkono unaomwaga pipa nao una mama yake," Shangazi alisema. Mikoba ya wanafunzi ilining'inia nje kwenye misumari, maana mkoba chini ya meza ni mguu wa mtu uliotegwa. Chupa ikitoka rafuni inarudi palepale, kibandiko kikiwa mbele kama mtu anayepigwa picha.

Kulikuwa na lingine, la kwake na Kadogo. Mpishi akija dirishani kumwita, "Mama Kadogo, njoo, mwanao anakula kidole!", Shangazi hakumruhusu kukimbia. Avue kwanza koti la maabara, alitundike. Anawe mikono mpaka viwikoni, anawe tena. "Titi halishikwi na mkono wa humu," alisema, akimmiminia maji mwenyewe kwa kikombe ingawa bomba lilikuwepo. Mama Kadogo alitoka nje mikono ikinuka sabuni na baridi ya maji, akamchukua mwanawe, na kupitia dirishani akamsikia Shangazi akiimba peke yake huku akipanga mirija kwa vidole, mmoja mmoja, kama anayesuka nywele za mtu.

Siku hizo zilikuwa nzuri, ingawa aliye ndani ya siku nzuri hajui. Saa za mapumziko walikaa nje ya stoo, kichumba kidogo nyuma ya maabara, wakinywa chai mlangoni kwa sababu ndani hakuna kula wala kunywa. Kisha Shangazi alimkalisha mbele ya rafu.

"Soma."

"Shangazi, haya maneno ni marefu kama treni."

"Treni nayo huenda behewa kwa behewa. Soma."

Akasoma, akijikwaa, akirudi nyuma. Sodiamu. Haidro... haidroksaidi. Shangazi alisikiliza kichwa kikiwa upande, na kila jina lilipotimia aliigusa chupa ile shingoni na kumwambia ni ya nani, haikai na nani, ikimwagika inafanywa nini. Chupa nyingi zilikuwa na uzi shingoni. Za tindikali kali zilifungwa uzi wa katani mnene, za sumu uzi wa mafundo. Wanafunzi walizitania. Binti mmoja mrefu wa kidato cha tatu, aliyeitwa Mrefu kwa sababu hakuna aliyejisumbua kutafuta jina jingine, alisema, "Bi Papasa kaifunga tindikali hirizi isitoroke na mvulana."

"Nitakufunga na wewe," Shangazi akamjibu, "maana ndiye unayetoroka."

Mama Kadogo aliona nyuzi zile zimechakaa, zikamkera. Aliomba azikate, chupa zipendeze. Shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kufoka, alimshika mkono kwa nguvu. "Usikate uzi wowote. Sikia? Hata mmoja." Kisha kama anayejutia ukali wake akamtolea sindano na shati la mtu lililopasuka. "Hebu nitungie uzi hii. Macho yako bado mabichi."

Alimtungia. Alikuwa amekwisha kumtungia sindano nyingi kufikia hapo, na alifurahi kila mara, akidhani ni mapenzi tu.

Muhula ulipokaribia kuisha ilitangazwa siku ya wazazi. Wazazi wangekuja kuona watoto wao wakifanya majaribio, na mkuu wa shule alitaka waingie maabara watoke na la kusimulia. "Chumba kipendeze," alimwambia Mama Kadogo alipokutana naye kwenye korido. "Isionekane kama karakana. Na shangazi yako siku hiyo asishike kazi. Amekaa humu muda mrefu, tutamkalisha mbele kama mgeni wa heshima."

Maneno hayo yalimwingia Mama Kadogo moyoni. Shangazi akalishwe mbele, avae gauni lake la bluu, watu wamwone! Alikwenda nyumbani akafungua sanduku lake na kutoa vitambaa alivyovifuma akiwa mchumba, vyeupe, pindo lake kama mawimbi. Havikuwa vimetandikwa popote tangu makochi yauzwe. Asubuhi ya siku ya wazazi aliviweka juu ya meza za maabara, kimoja kimoja, akivinyoosha kwa kiganja. Alichuma maua ya uani akayatia kwenye jagi la kioo. Akatafuta pa kuliweka jagi.

Penyewe pa kufaa, karibu na dirisha ambapo jua lingeliangukia, palikuwa na ndoo ya mchanga. Ndoo kuukuu, rangi nyekundu imebanduka, kutu imekula mpini. Aliitazama kama unavyomtazama mjomba mlevi siku ya harusi ya mtoto wako. Humchukii, ila leo asikae mbele. Aliibeba kwa mikono miwili hadi stoo, akaiweka nyuma ya mlango. Mahali pake akaweka kigoda, juu ya kigoda kitambaa, juu ya kitambaa jagi la maua. Kisha akarudi nyuma hatua chache na kutazama. Machozi yalimlengalenga. Chumba kilikuwa kizuri kama sebule aliyoiota siku za uchumba.

Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu amjue, Shangazi hakupapasa. Mkuu wa shule alimpokea getini, akampeleka ofisini, akampa soda, akamwambia atulie. Mwalimu wa kemia, kijana mwangalifu ambaye siku zote hukagua chumba kabla ya somo, alikuwa uwanjani akiwapanga wazazi waliofika mapema. Aliingia pamoja nao, jasho likimtoka, akaona maua, akatabasamu, na tabasamu hilo likampitisha bila kuona kilichopungua.

Shangazi aliketi kiti cha mbele kwenye gauni lake la bluu. Wazazi walisimama kando ya ukuta. Mikoba yao Mama Kadogo aliipokea kwa heshima akaitundika nje, hata wa mama mmoja aliyeukumbatia akisema, "Humu kuna miwani yangu." Katikati pakabaki njia nyeupe kutoka meza ya mwalimu hadi mlangoni.

Mrefu ndiye aliyepewa jaribio la kwanza. Aliwasha taa ya spiriti, akainamia mrija wake, akamwona baba yake kati ya wazazi na kuinua mkono kumpungia. Kiwiko kikaigonga taa. Ikalala, spiriti ikamwagika, ikakimbia mezani kama maji.

Moto wa spiriti kwenye jua la mchana ni mtu asiye na kivuli. Waliokuwa mbali hawakuuona kabisa. Waliona hewa ikitetemeka juu ya meza, na baadaye pindo la kitambaa cha kufuma likigeuka kahawia, jeusi, kisha ghafla likashika moto wa njano wa kila mtu kuuona. Uzi ule wa pamba uliivuta spiriti na kuutembeza moto kuelekea meza nzima.

"Tokeni nje wote, taratibu!" mwalimu alipaza sauti. "Mchanga!"

Wanafunzi walikuwa wamezoea. Walijipanga wakatoka, wazazi nyuma yao, na hakuna aliyejikwaa kwa sababu hapakuwa na cha kujikwaa. Mwalimu mwenyewe alimvuta Mrefu nyuma kwanza, kisha akanyoosha mkono kuiondoa chupa ya spiriti iliyobaki pale, na ndimi za moto zikamlamba vidole. Wakati huohuo Shangazi alikuwa amekwisha kusimama. Aliposikia neno mchanga, magoti yake yalisahau ugonjwa. Alikwenda moja kwa moja pembeni mwa meza inayowaka, haraka, bila kusita, kama mtu anayekwenda kuchukua chumvi jikoni kwake, akainama, akanyoosha mkono.

Ukashika jagi la maua.

Mama Kadogo, aliyekuwa mlangoni akiwasaidia wazazi kutoka, aliiona sura ya shangazi yake wakati ule na hajaisahau. Haikuwa sura ya mtu aliyekasirika. Ilikuwa sura ya mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umehamishwa. Vidole vilipanda juu ya kioo, vikagusa petali, vikashuka kutafuta mpini. "Ndoo iko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Ndoo yangu iko wapi?" Na akiuliza hivyo aligeukia mezani, mkono wa gauni la bluu ukiwa shibri moja tu na moto ule wa njano, wala hakuuona. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, nayo hayakuuona.

"Shangazi, simama! Usisogee!"

Alimfikia, akamvuta kwa mtandio, akamsukuma upande wa mlango, akaruka stoo. Njia ilikuwa nyeupe, aliisafisha mwenyewe, ikampeleka na kumrudisha. Ndoo ilikuwa nzito kuliko asubuhi. Mwalimu aliishika upande mmoja kwa mkono mzima, wakamwaga, mchanga ukatanda juu ya meza na kitambaa, na moto ukazimika kwa sauti kama ya mtu anayekatazwa kusema.

Maji ya bomba yakasikika, mwalimu akiyaacha yatiririke juu ya vidole vyake. Nje Mrefu alilia na baba yake akamwambia, "Nyamaza, mama, mbona uko mzima." Mezani, kando ya mchanga uliogeuka mweusi, ilibaki kona moja tu ya kitambaa, nyeupe, mawimbi yake hayajaguswa.

Mama Kadogo alimkuta Shangazi stoo, amekaa kwenye kigoda, mtandio una alama ya kuungua pembeni. Alipiga magoti mbele yake. Alipomtazama machoni kwa karibu, bila haraka, aliona alichopaswa kukiona zamani. Katikati ya mboni palikuwa na weupe kama ukungu wa maziwa.

"Tangu lini, Shangazi?"

"Ulianza kidogo kidogo. Kabla hujaja." Alimshika uso, akaupapasa, paji, mashavu, kidevu. "Nilikuona ulipokuwa mtoto, ndiyo maana nakujua. Kadogo nimemjua kwa harufu na kelele."

"Kwa hiyo kunisomesha vibandiko..."

"Ulihitaji kujua. Nami nilihitaji kusomewa." Akatabasamu kidogo. "Tulikuwa tunakopeshana macho."

Na nyuzi shingoni mwa chupa, na sindano, na ile "usikate hata mmoja". Vyote vilimjia kwa mpigo. Chumba kile kilikuwa kimemshika mwanamke huyu mkono kwa muda wote huo, kila kitu kikimngoja mahali pake, na yeye kwa mapenzi yake na vitambaa vyake akauondoa mkono huo siku ambayo ulihitajika kuliko zote. Alilia akiwa amelaza kichwa kwenye gauni la bluu.

Mkuu wa shule aliingia, mwalimu nyuma yake na bendeji mkononi.

"Nani aliiondoa ndoo?"

"Mimi," Mama Kadogo akasema, akijifuta pua kwa kiganja. "Niliona haipendezi."

"Haipendezi!" Mkuu alirudia. "Basi binti, shule inafungwa wiki hii. Tulikubaliana."

Mama Kadogo alikuwa tayari anayaona mabeseni, na Kadogo kwenye mbeleko, na mbwa getini kwa watu. Alikwisha kuinuka kwenda kulivua koti pale Shangazi alipokohoa.

"Mkuu, naomba neno. Sisi wawili humu ndani kila mmoja kaficha kitu. Mtoto huyu kaficha ndoo, mimi nimeficha macho. Ndoo imerudi mahali pake. Macho yangu hayajarudi. Sasa mtamtoa nani?"

Mkuu alitazama macho yale. Akatafuta pa kukaa, hakupata, akaegemea mlango. "Bi Papasa," alisema taratibu, "kumbe unafanya kazi na tindikali huoni? Mficha maradhi..."

"Najua, kilio humfichua. Leo kimenifichua." Akainamisha kichwa. "Niliogopa. Chumba hiki nikikitoka, nitakwenda kupapasa wapi?"

Mwalimu ndiye aliyesema hatimaye. Alisema hata yeye angeiona ndoo haipo kama angetazama, na alipita. Na mkuu mwenyewe, kwa heshima zote, aliagiza chumba kipendeze. Alisema moto uliwakuta watu na ukawaacha wakiwa wazima kwa sababu njia ilikuwa wazi, na aliyeiacha wazi ni huyuhuyu. "Mimi nisingemfukuza. Ningemfumba macho."

"Umfumbe macho?"

"Katika chumba hiki kuna kazi inayofanywa kwa macho yaliyofumbwa tangu mimi nikiwa mwanafunzi. Kama ameielewa, aifanye. Kama hajaielewa, tutajua wote."

Ikawa hivyo. Kesho yake, meza zimeoshwa na mchanga umerudishwa ndooni, Shangazi alivua mtandio wake wenye alama ya moto, akamfunga nao Mama Kadogo machoni, akauvuta ukaze. Mkuu alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mama Kadogo alisikia moyo wake kuliko hatua zake. Mkono ukatangulia. Meza. Bomba. Chupa ya kuoshea macho, maji tele. Ukuta. Akainama, na kutu ya mpini ikamkwaruza kiganja, na hakuna kitambaa cha kufuma maishani mwake kilichowahi kuwa laini kama kutu ile. Akaenda mlango wa nyuma, akaufungua, upepo ukampiga usoni, na kutoka kibaraza cha jikoni akasikia Kadogo akicheka.

"Ajipange kwa muhula ujao," mkuu alisema akiondoka. Kisha akageuka. "Na maua yabaki. Ila yakae ofisini kwangu."

Shangazi alipelekwa kwa daktari wa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, jicho moja kwanza, kisha la pili. Alipopona alikuja shuleni kusalimia, amevaa miwani mieusi mikubwa iliyomfanya aonekane kama dereva wa bosi. Alisimama mlangoni mwa maabara, akaivua, akatazama.

Alitazama sana. Kisha akauliza, "Nani kapaka ukuta huu rangi hii?"

"Ukuta ulipakwa zamani, Shangazi. Nimeukuta hivi."

"Nami nimekaa nao! Rangi ya mchicha uliochemka mara mbili." Wanafunzi wakaangua kicheko. Akamgeukia binti aliyecheka zaidi. "Na wewe ndiye Mrefu? Sauti yako ni ya mtu mfupi."

Akacheka nao. Halafu, huku wakimtazama, yeye mwenye macho mapya kama ya mtoto, aliyafumba. Mkono ukatangulia, ukigusa meza, bomba, chupa, ukuta. Mama Kadogo, Kadogo akiwa nje ya kizingiti maana mtoto hakanyagi humu, alijikuta amezuia pumzi. Shangazi akainama, akaikuta ndoo, akazamisha vidole kwenye mchanga kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Akavitoa vikiwa na karatasi ya pipi.

"Mama Kadogo," akasema bila kufumbua macho.

"Abee, Shangazi."

"Nani kala pipi humu?"

Miaka imepita. Kadogo mwenyewe sasa anavaa sare ya shule ile, na Shangazi amelala alikolala, macho yake mema yamefumba mara ya mwisho. Nyuzi bado ziko shingoni mwa chupa, wanafunzi wapya bado wanaziita hirizi. Kona ile ya kitambaa iliyosalia, Mama Kadogo ameitundika kwa msumari stoo, juu ya makoti. Na kila asubuhi, akifika kwenye ndoo, huzamisha vidole mchangani na kutafuta kidogo, ingawa mara nyingi hamna kitu. Leo ameikuta karatasi ya pipi, ameikunja, ameitia mfukoni, na ametabasamu peke yake kabla hajafungua madirisha.